Bodalaini inatibika hapa hapa Bukavu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya daktari mliyoichapisha kuhusu ugonjwa wa haiba ya mpakani, ule ambao sisi wa vituo vya afya tunauita bodalaini. Namshukuru kwa kuuandikia, maana magazeti yetu huandika sana habari za malaria na kipindupindu, na mtu anayeugua nafsi hubaki kusemwa vichochoroni. Lakini mwishoni daktari alisema tiba ya kufaa ni moja tu, ile iliyotoka Seattle, Marekani. Kwamba inataka timu nzima ya wataalamu, na kwamba mwenye uwezo ampeleke mgonjwa wake Nairobi au Ulaya. Asiye na uwezo hakuachiwa hata neno moja. Mama mmoja alifika kituoni kwetu na ukurasa ule ameukunja ndani ya kitenge, akaniuliza kama auze kiwanja chake. Nilimwambia asiuze, na sababu zangu ndizo ninazoziandika hapa.

Mimi ni muuguzi Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nilianzia chumba cha uzazi, halafu nikafundishwa kuwahudumia wanawake waliobakwa vitani, na huko ndiko nilikoanza kukutana na wagonjwa hawa. Huwa wanaletwa kwa majina yote isipokuwa lao: ana pepo, ana kiburi, malaya, amelaaniwa na shangazi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliuingiza ugonjwa huu mwaka 1980, na leo unataja dalili tisa: hofu kali ya kuachwa; mapenzi na urafiki unaopanda mbinguni na kuanguka siku hiyo hiyo; kutojua mimi ni nani; kutenda mambo ya hatari bila kufikiri; kujiumiza au kutaka kujiua; moyo kugeuka mara kadhaa kwa siku; utupu usiokwisha; hasira isiyozuilika; na kushuku watu au kujiona uko nje ya mwili wakati dhiki imezidi. Mwenye tano au zaidi kati ya hizo, na zimedumu tangu ujana, ndiye tunayemzungumzia.

Nichukue mfano wa binti mmoja wa Cimpunda, ambaye nimebadilisha mambo yake kadhaa asitambulikane. Ana miaka 22, anauza nguo za mtumba. Rafiki yake wa kiume alimwahidi kupiga simu saa moja jioni. Simu haikuja. Akapiga yeye, akaambiwa namba haipatikani. Akapiga tena, na tena. Kufika saa tatu alikuwa ameshajiumiza mikono, na mama yake mdogo akampakia kwenye pikipiki mvua ikinyesha, mikono imezungushiwa taulo. Walipita kwanza hospitali moja ya mjini. Mhudumu wa zamu akawaambia vitanda ni vya wagonjwa wa kweli, akamshona bila kumsemesha. Kabla ya hapo alikuwa ameshafungishwa saumu kwenye chumba cha maombi, akatoka amedhoofika na aibu imeongezeka. Sina ugomvi na maombi, mimi mwenyewe ni mkristo. Ila mtu asiyekula siku tatu hisia zake huchachamaa zaidi, na hilo wachungaji wetu walijue.

Sasa tumwangalie binti huyo huyo, usiku ule ule, kwa macho ya kila tiba ambayo imepimwa kwa utafiti. Hapo ndipo tofauti zake zinapoonekana.

Ile ya Seattle inaitwa tiba ya dialektiki. Aliyeibuni ni Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, na utafiti wake wa kwanza ulitoka mwaka 1991: wanawake waliokuwa wakijiumiza walipewa tiba hiyo mwaka mzima, wakajiumiza mara chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, wakalala hospitali siku chache, na wengi zaidi wakabaki na mtibabu wao mpaka mwisho. Mwaka 2011 Linehan alisimama mbele ya watu huko Hartford, katika hospitali ile ile aliyolazwa akiwa na miaka 17, akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa namna hiyo, aliyejiumiza na kufungiwa chumba cha peke yake. Nawasimulia hayo wazazi wote ninaokutana nao. Aliyetunga tiba alitoka kwenye kitanda kile kile.

Moyo wa tiba yake ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: nakukubali ulivyo, na lazima ubadilike. Mgonjwa anaonana na mtibabu wake mara moja kwa wiki, anahudhuria kikundi cha kujifunza stadi kwa saa mbili hivi, anaruhusiwa kupiga simu akizidiwa, na watibabu nao wana kikao chao cha kusaidiana. Stadi ni za aina nne: kutulia katika jambo lililopo mbele yako, kuvumilia dhiki bila kuizidisha, kuongoza hisia, na kuishi na watu bila kujidharau wala kuwararua.

Kwa tiba hii, asubuhi ya pili ningekaa na binti tuuchambue mnyororo wa usiku wake, pingili kwa pingili. Ndivyo nilivyofanya. Ilianza saa ngapi? Hapana, rudi nyuma zaidi. Ulikula nini mchana? Hakuwa amekula tangu chai ya asubuhi. Uliuza? Nguo mbili tu, na mdeni akamtukana mbele ya watu. Ulilala? Mvua ilivuja, alilala vibaya. Ndipo simu haikuja. Ndipo jirani akacheka barazani naye akaamini anachekwa yeye. Ndipo wazo: ameniacha kama wote walivyoniacha. Ndipo mwili ukawaka moto. Tulipoyapanga yote kwenye daftari, yeye mwenyewe aliweka kidole kwenye mstari wa chakula akasema, “Mama, hapa ningeweza kukata.” Nilimuuliza, na pengine ni wapi? Akaonyesha dakika zile za mwisho, mwili ulipowaka.

Kwa dakika zile kuna zoezi la maji. Unajaza beseni maji baridi, unashika pumzi, unaingiza uso, macho na mashavu yaguswe na maji, kwa nusu dakika hivi, na mapigo ya moyo yanashuka. Ni mwili tu unavyofanya kazi, wala hauhitaji imani. Mwenye ugonjwa wa moyo hapewi zoezi hilo, na anayejinyima chakula naye tunamwepusha nalo mpaka aonwe na daktari. Bukavu yetu ina baridi ya kutosha. Bidoni ya maji iliyolala nje usiku inafaa kuliko barafu. Binti yule ana beseni la buluu chini ya kitanda chake, na wadogo zake wamekatazwa kulioshea vyombo.

Zoezi la kutulia lilileta shida kidogo kwenye kikundi chetu, kwa sababu Linehan alilichota kwenye mapokeo ya Zen ya Kijapani, na mama mmoja aliogopa tunamwingiza dini nyingine. Tukaweka maharage mezani. Kuchambua mawe kwenye maharage, harage kwa harage, macho na vidole vikiwa hapo. Wazo likikimbilia kwa mume au kwa deni, unalirudisha kwenye harage, bila kujigombeza. Wakaelewa wote, tena wakaenda nyumbani na maharage safi.

Basi daktari ana haki ya kuisifu tiba hii. Imepimwa mara nyingi kuliko nyingine zote. Mahali ninapomkatalia ni kwenye lile neno “tu”.

London kuna wataalamu wawili, Anthony Bateman na Peter Fonagy, waliobuni tiba ya mentalizesheni. Hao hawafundishi zoezi la maji. Wanasema mgonjwa huyu, akiogopa kuachwa, hupoteza uwezo wa kuona kwamba ndani ya mwenzake kuna nia na sababu nyingine. Namba haipatikani, basi amenichoka. Hakuna njia ya tatu. Mtibabu anamsimamisha hapo hapo na kumuuliza kwa upole, kama mtu asiyejua kweli: ulipomkosa, ulidhani yeye yuko katika hali gani? Je, kuna lingine linalowezekana? Nami nilimuuliza binti hivyo. Alinyamaza sana, akasema mtaa wa yule kijana haukuwa na umeme tangu juzi. Betri. Hilo alilijua tangu mwanzo, lakini saa tatu usiku halikuwepo kichwani mwake. Tiba hii inarudisha kichwani kile ambacho hofu imekifukuza.

Utafiti wao wa mwaka 1999 ulifanywa katika wodi ya kutwa, wagonjwa 38, kwa muda usiozidi miezi 18. Jambo ninalotaka wakubwa wetu wa afya walisome mara mbili ni hili: wengi wa waliotoa tiba ile walikuwa wauguzi wa akili wasio na sifa rasmi za tiba ya mazungumzo, waliofundishwa kazini na kusimamiwa vizuri. Wagonjwa wale walifuatiliwa tena miaka minane baada ya kuanza, matokeo yakachapishwa 2008. Katika waliopata mentalizesheni ni asilimia 13 tu waliokuwa bado na ugonjwa wenyewe. Katika waliopata huduma ya kawaida ya Uingereza, asilimia 87. Waliojaribu kujiua katika kipindi hicho ni asilimia 23 upande mmoja na 74 upande wa pili. Kundi lilikuwa dogo, hilo ni kweli, lakini mimi muuguzi wa Kadutu nikisoma kwamba kazi ile ilifanywa na wauguzi, siwezi kukubali kuambiwa nikae pembeni.

Zipo nyingine mbili ambazo nitazipitia haraka, kwa sababu naziona ziko mbali na uwezo wetu wa leo. Tiba ya skima, ya Jeffrey Young, ingemtafuta ndani ya binti yule mtoto mdogo aliyeachwa kwa bibi wakati mama alipokwenda kutafuta maisha kwenye machimbo, na mtibabu angempa mtoto huyo sehemu ya malezi aliyoyakosa. Tiba ya transferensi, ya Otto Kernberg, ingeangalia kile kinachotokea kati yake na mimi: juzi nilikuwa mtakatifu, leo nimechelewa robo saa nimekuwa shetani, na humo humo ndimo pa kufanyia kazi. Uholanzi walizilinganisha hizo mbili, vikao viwili kwa wiki kwa miaka mitatu, wakachapisha 2006. Skima ilipata wagonjwa wengi zaidi waliopona, na wengi zaidi waliobaki mpaka mwisho. Lakini mwaka uliofuata New York wakatoa utafiti wa wagonjwa 90, na humo transferensi, dialektiki na tiba ya kutegemeza zote zilisaidia, na transferensi ilibadilisha mambo mengi zaidi. Kila kambi inashinda nyumbani kwake, ndivyo ninavyosoma mimi. Na vikao viwili kwa wiki kwa miaka mitatu, kwa mtu anayepanda kutoka Bagira kwa miguu, ni hadithi.

Nije Toronto, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Shelley McMain na wenzake walichukua watu 180, wakawagawa kwa kura. Nusu walipata tiba ya dialektiki kamili, mwaka mzima. Nusu walipata uangalizi wa kawaida wa akili uliopangwa vizuri, unaofuata mafundisho ya John Gunderson, daktari wa hospitali ya McLean karibu na Boston. Matokeo yalitoka 2009. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa: kujiumiza kulipungua, kukimbizwa hospitali kulipungua, huzuni ilipungua. Tofauti kati yao haikuonekana. Walifuatiliwa miaka miwili zaidi, na bado haikuonekana.

Huo uangalizi wa kawaida una nini ndani yake? Mtibabu mmoja, mara moja kwa wiki, tena kama kikao kinasaidia. Mgonjwa anaelezwa ugonjwa wake kwa jina, bila kufichwa, na familia inaelezwa pia. Anaambiwa kwamba ameumbwa na ngozi nyembamba kwa mambo ya kupendwa na kuachwa, kwamba sehemu ya hilo ni ya kurithi, na kwamba ugonjwa huu kwa kawaida hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kila anapozidiwa, wanatafuta pamoja ni nani aliyeondoka au aliyetishia kuondoka. Na Gunderson alisisitiza maisha nje ya chumba cha tiba: kazi kwanza, mapenzi baadaye. Kwa hiyo binti yangu wa Cimpunda, asubuhi ile, baada ya daftari na baada ya betri, nilimuuliza swali la Gunderson: kesho unafungua meza yako saa ngapi? Alikasirika. Aliona nampuuza. Lakini alifungua, na mama yake mdogo alikaa naye hadi saa sita.

Wapo watakaosema waliofanya kazi Toronto walikuwa wazoefu. Ni kweli, na ndiyo maana nadai mafunzo. Ila mafunzo ya Gunderson ya msingi hufundishwa kwa siku moja, wala hayamtaki mtu awe bingwa. Na Linehan mwenyewe, mwaka 2015, aliichambua tiba yake akiwa na wanawake 99 na kuona kwamba sehemu ya stadi ndiyo iliyopunguza kujiumiza. Waliopata mtibabu binafsi bila kikundi cha stadi walibaki nyuma. Mwaka 2022 McMain akaonyesha kwa watu 240 kwamba miezi sita ya dialektiki haikuwa dhaifu kuliko miezi 12. Kitabu kikubwa cha mapitio cha mwaka 2020 cha Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za afya, kilikusanya tafiti 75 zenye watu zaidi ya 4,500, na hakikupata tiba moja ya mazungumzo iliyozishinda nyingine waziwazi; kilichoonekana ni kwamba kutibiwa kwa mpango kunashinda huduma ya kawaida isiyo na mpango. Ukiweka hayo pamoja, swali la “ipi bora” linapoteza makali, na linabaki la kwetu: ipi inaweza kufundishwa kwa mikono iliyopo, Kadutu, Ibanda na Bagira?

Na hapa, Ndugu Mhariri, daktari alisahau kabisa Kivu yenyewe. Mwaka 2013 jarida la madaktari la New England lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kongo mashariki, wanawake 405 walionusurika na ubakaji. Wasaidizi wetu wa kisaikolojia na kijamii, wale tunaowaita APS, ambao wengi hawakupita chuo kikuu, walifundishwa tiba ya kuchambua fikra: kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi. Walitibu wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, katikati ya vita. Miezi sita baada ya tiba kwisha, waliobaki na dalili za huzuni kali au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Kwa wenzao waliopata kusikilizwa, kutiwa moyo na kuelekezwa kwenye huduma nyingine, 42. Mimi nilifundishwa tiba hiyo baadaye, na bado naitumia. Halafu Ujerumani, Martin Bohus na wenzake wakaichukua tiba hiyo hiyo wakailinganisha na dialektiki iliyotengenezwa kwa ajili ya majeraha ya utotoni. Walikuwa wanawake 193 walioteswa wakiwa watoto na wenye dalili za bodalaini pia. Matokeo yalitoka 2020: zote mbili ziliwasaidia. Ile ya Bohus ilishinda kidogo, na walioacha katikati walikuwa wachache zaidi.

Jambo hili nalishikilia kuliko mengine. Wengi wa wagonjwa wetu wa bodalaini wamepitia kubakwa, kupigwa au kukimbia vita, na miaka yote nimekuwa nikisikia kwamba ukigusa kidonda cha nyuma kabla hajatulia utamwua. Tahadhari hiyo ina msingi: anayejiumiza kila wiki aanze na beseni na daftari, na mpango wa usalama ambao mama yake mdogo anaujua. Lakini akishapata namna ya kujishika, asinyimwe tiba ya jeraha lake kwa sababu tu kadi yake imeandikwa bodalaini. Nimeona wakinyimwa. Wanazungushwa kati ya huduma ya ubakaji inayosema “huyu ni wa akili” na huduma ya akili inayosema “huyu ni wa ubakaji”. Wala wasiopitia mateso wasidhaniwe wanadanganya. Wapo waliolelewa vizuri na bado wanaugua.

Kuhusu dawa nitasema machache. Familia zikifika zinataka sindano ya kulaza, na wahudumu wengi wanaitoa ili zamu ipite. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unasema wazi dawa zisitumike kutibu bodalaini yenyewe. Akiwa na huzuni kubwa au ugonjwa mwingine juu yake, atibiwe huo, na daktari wake ndiye anayeamua. Mtu aliyekwisha anza dawa asiziache ghafla kwa kusoma barua yangu.

Na matumaini yapo, yamehesabiwa. Mary Zanarini wa McLean alifuatilia wagonjwa 290 waliowahi kulazwa, akiwapima kila baada ya miaka miwili. Kufika miaka kumi, asilimia 93 walikuwa wamepata angalau miaka miwili mfululizo bila ugonjwa kutimiza masharti yake. Nusu walikuwa wamefikia kupona kwa maana kamili, na kazi na watu wa karibu. Iliyobaki ngumu ni hiyo ya kazi na watu, na ndiyo maana swali la meza ya mitumba nalipa uzito uleule ninaoupa mnyororo.

Ninachoomba Divisheni ya Afya ya mkoa na mashirika yanayotusaidia ni kidogo. Wauguzi na APS wafundishwe uangalizi wa Gunderson, na katika kila kanda ya afya kuwe na kikundi kimoja cha stadi kwa miezi sita. Kila kikundi kipewe yunite za simu. Wagonjwa wetu wanabipu na muuguzi anapiga kwa pesa yake, na waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 pesa zenyewe zikaadimika. Wahudumu wa dharura wafundishwe kushona huku wakizungumza na anayeshonwa. Wagonjwa walio katika hatari kubwa waendelee kupelekwa kwa wataalamu wa akili, ambao mji wetu unao. Hospitali ya akili ya Sosame ipo tangu 1994, hatuanzi jangwani.

Kwa daktari aliyeandika, ambaye namheshimu, nina ombi langu binafsi. Kikundi chetu hukaa Alhamisi mchana, chini ya turubai nyuma ya kituo. Wagonjwa wanakuja, mama zao wanakuja, kazi inaendelea. Tunachokosa ni kile kikao cha nne cha Linehan, cha watibabu wenyewe, kwa sababu anayesikiliza habari za kujiua wiki nzima anahitaji naye mtu wa kumwambia pale anapochoka na pale anapoanza kumchukia mgonjwa. Daktari atupatie saa moja na nusu kwa wiki, hata kwa simu kama barabara ni mbaya. Tuko sita, na daftari zetu tutakuja nazo.

Muuguzi, Kadutu, Bukavu
(jina na namba ya simu vipo kwa mhariri)